Kikohozi kinapopasua ateri ya tumbo

Anayekohoa hutumia tumbo kuliko anavyodhani: kila mara misuli ya mbele hujikaza ghafla. Mwenye nimonia au kifaduro akikohoa siku nyingi, hutokea, ingawa ni nadra, ateri inayopita nyuma ya msuli wa wima wa tumbo ikapasuka. Damu hujaa ndani ya ala ya msuli huo. Hatari huzidi kwa wazee, wajawazito na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Chini ya kitovu ala hiyo ni dhaifu upande wa nyuma, hivyo damu huweza kushuka hadi kwenye nyonga. Maumivu yake huigiza ugonjwa wa kidole tumbo, mimba iliyotunga nje ya kizazi, au wengu uliopasuka. Huko Kitshanga, mashariki mwa Kongo, ambako malaria huvimbisha wengu za watu, kosa la kuyachanganya ni ghali: hospitali kuu ya rufaa iko Mweso, na mapigano hufunga barabara.

Mwaka 1926 madaktari wawili, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha jinsi mkono unavyoweza kutofautisha hali hizo. Carnett wa Marekani alibonyeza mahali panapouma, kisha akamwambia mgonjwa akaze tumbo. Maumivu yakibaki au yakiongezeka, chanzo kiko ukutani mwa tumbo; yakipungua, kiko ndani, kwa sababu msuli uliokazwa umekinga viungo. Fothergill wa Uingereza aliangalia uvimbe wenyewe: ule wa ala hauvuki mstari wa kati, na huendelea kushikika msuli ukikazwa.

Ikithibitika kwa ultrasaundi kwamba damu iko ukutani, wengi hupona bila kisu: hupumzika, kikohozi hutibiwa, dawa za kuzuia damu kuganda husimamishwa kwa uamuzi wa daktari, na wingi wa damu hupimwa tena na tena. Mwanamke wa umri wa kuzaa apimwe ujauzito kwanza.

Kipimo cha mkono hakigharimu chochote, nacho kinastahili kufundishwa katika kila kituo cha afya. Lakini mapigo ya moyo yakienda mbio, presha ikishuka au mgonjwa akipauka, jibu la mkono lisicheleweshe rufaa. Awekewe maji ya mshipa, atafutiwe damu, asafirishwe. Anayevuja damu ndani ya ukuta wa tumbo naye huweza kufa.