Mwanaume Kilema katika Sinema ya Kihindi

Sinema huwapa vilema kazi mbili tu, mara nyingi: kilema ni mutu wa kuhurumiwa, ao ni mutu mubaya ambaye mwili wake unaonyesha ubaya wa moyo wake. Sinema ya luga ya Kihindi nayo imefanya hivyo, sawa na ile ya Ulaya na ya Marekani. Lakini kuna filimu tatu za India zinazouliza neno gumu zaidi: mwanaume asiyeweza tena kufanya yale watu wanayoyaita kazi ya kiume, je, angali mwanaume? Tuzipime moja moja.

Ya kwanza ni Sholay ya Ramesh Sippy, ya mwaka 1975, filimu inayojulikana sana katika India yote. Thakur Baldev Singh alikuwa mukubwa wa polisi. Alimukamata munyanganyi Gabbar Singh. Huyu akatoroka gerezani, akawaua jamaa za Thakur, kisha akamukata Thakur mwenyewe mikono yote miwili. Basi Thakur anawatafuta wezi wawili, Jai na Veeru, anawalipa feza kusudi wamuletee adui yake angali hai.

Tuangalie namna filimu inavyokificha kilema chake. Thakur anajifunika shuka mabegani, na mutazamaji hajui kitu. Siku wanyanganyi wanaposhambulia kijiji, bunduki iko karibu na miguu yake, Veeru yuko katika hatari, naye Thakur haiokoti. Wale vijana wanamukasirikia, wakizani ni mwoga. Ndipo anapowaeleza habari yote, upepo unaiondoa shuka, nasi tunaona. Ni kazi ya ustadi, hatukatai. Lakini inafundisha nini? Inafundisha kwamba kukosa mikono ni haya ya kufichwa, na dawa yake ni kisasi. Thakur anakodi mikono ya wengine, na mwishoni anapigana mwenyewe kwa viatu vyenye misumari. Katika mwisho uliotengenezwa kwanza alimuua Gabbar. Wakaguzi wa serikali wakaukataa, ikalazimu polisi wafike kumuzuia. Sheria iliokolewa kwa dakika ya mwisho, lakini moyo wa filimu haukugeuka: uanaume uliopotea unarudishwa kwa damu.

Muchezaji wa Thakur ni Sanjeev Kumar. Miaka mitatu mbele, katika mwaka 1972, mutu huyohuyo alicheza katika Koshish ya Gulzar, akapewa zawadi ya taifa ya muchezaji bora. Humo yeye ni Hari, kiziwi na bubu, mume wa Aarti, aliye kiziwi na bubu kama yeye. Aarti anachezwa na Jaya Bhaduri. Wanasemezana kwa mikono.

Mutoto wao wa kwanza anatoka nje usiku wa mvua, anakufa, kwani wazazi hawakusikia kilio chake. Hapa tungalitazamia mwanaume aape na kutafuta wa kulipiza. Hari hafanyi hivyo. Analia pamoja na muke wake, na maisha yao yanaendelea. Mutoto wa pili alipozaliwa, wanatikisa kichezeo karibu na sikio lake, hageuki. Wanamupeleka mbio kwa muganga. Kumbe ni kile kichezeo kisichokuwa na punje za kulia ndani! Kwa namna hii Gulzar anatuonyesha baba: mutu anayeogopa kwa ajili ya mwingine, anayepokea msaada, wala haoni haya. Nguvu za Hari ni kutunza.

Hata hivyo Koshish ina kosa moja kubwa. Mwishoni mukubwa wa kazi wa Hari ana binti kiziwi na bubu, na watu wazima wanataka aolewe na mwana wa Hari. Kijana anakataa, baba anawaka kwa gazabu, kijana anakubali, na filimu inataka tufurahi. Sisi tunaofundisha kwamba ndoa inafanywa na mapatano huru ya wale wawili, hatuwezi kufurahi upesi. Deni letu kwa vilema halilipwi kwa arusi ya kulazimishwa. Na yule musichana mwenyewe karibu hatumujui. Filimu iliyotetea vizuri heshima ya mabubu inamwacha bubu mumoja bila kuulizwa neno.

Ya tatu ni Sparsh, ya mwaka 1980, iliyotengenezwa na mwanamuke, Sai Paranjpye. Anirudh, anayechezwa na Naseeruddin Shah, ni kipofu na mukubwa wa shule ya watoto vipofu. Mujane mumoja, Kavita, anakuja kuwasaidia watoto, wanapendana, wanachumbiana. Kisha Anirudh anauvunja uchumba, kwani anaogopa kwamba Kavita anamupa huruma mahali pa upendo. Hapa hakuna munyanganyi. Adui ni kiburi cha mwanaume anayetaka kusaidia wengine tu, asisaidiwe. Filimu haimuchekelei: inajua kwamba huruma ya watu imemuumiza mara nyingi.

Basi, Thakur anauficha uhitaji wake, Anirudh anaukataa, Hari peke yake anaukubali. Na mwanaume wa kweli kati yao ni yule anayejua kupokea. Sisi wakristu tusishangae. Yezu Kristu, mutu kamili, hakukataa Simoni wa Sirene amubebee musalaba.

Lakini tusijisifu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni 984, iliwazuia kupewa upadri wale ambao uzaifu ao kilema cha mwili kiliwazuia kuhudumia altare bila hatari ao kwa heshima. Sheria ya mwaka 1983 haitaji tena kilema cha mwili kati ya mazuizi hayo. Sheria imegeuka, kazi yetu ni kugeuza desturi. Kama katika parokia kiwete anakaribishwa kwa sadaka mulangoni, na hakaribishwi kusoma masomo ao kufundisha katekismu, sisi nasi tungali tunapima uanaume kwa mikono na miguu. Neno hilo, ndugu seminari na wakatekista, tulitazame sasa, mbele ya kutumwa kuchunga watu.