Kicheko cha Katuni na Kiswahili cha Watoto wa Abuku

Walimu tukikutana, swali ambalo huzuka mara kwa mara kuhusu katuni za kuchekesha ni kama zinawaharibu watoto. Wako wanaosema zinafundisha kupigana, wako wanaosema zinakula muda wa kusoma, na wako wasiojali mradi mtoto ametulia. Katika makala haya tunaomba tuliweke kando swali hilo na kuuliza jingine ambalo, kwa maoni yetu, linatuhusu zaidi sisi wa somo la lugha: mtoto anapocheka mbele ya runinga, anacheka kwa lugha gani?

Tunaliuliza tukiwa na Abuku akilini. Abuku iko wilayani Koboko, kona ya kaskazini-magharibi ya Uganda, karibu na mahali ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudani Kusini inakutana. Mtoto wa huko hukulia katika Kikakwa, na akifika sokoni au barabara ya Arua hukutana na Kilugbara, Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kinubi. Kiingereza ni cha darasani. Kiswahili nacho kipo, tena ni cha siku nyingi, ila kilifika kimevaa buti. Vijana wengi wa West Nile waliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi, na aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 ni Idi Amin, ambaye kwa upande wa baba alikuwa Mkakwa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, kisha Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Haya ni mambo ya kutia moyo. Lakini mwalimu anayeingia darasani na kitabu kipya anakutana na mtoto aliyekwisha kusikia kwa wazee kwamba Kiswahili ni lugha ya kuamrishwa na kutukanwa. Ndiyo maana suala la kicheko si dogo.

Tuanze na katuni isiyo na maneno. Tom and Jerry ilianza mwaka 1940, na hadi leo ukiiweka mbele ya watoto wa mahali popote, hata runinga ikiwa inaendeshwa kwa betri na paneli ya sola, watacheka. Paka anabanwa na mlango, anabaki bapa kama chapati, kisha anasimama na kuendelea kukimbiza. Mvuto wake si fumbo kwa mtu aliyelelewa kwa hadithi za Sungura na Fisi: mnyonge mwenye akili anamshinda mwenye nguvu asiye na akili, na mtoto, ambaye kila mtu nyumbani ana nguvu kumshinda, anajua yuko upande wa nani. Hatuoni kwamba kicheko hiki ni kibaya. Tunachosema ni kwamba kinatoka mwilini na kuishia mwilini. Mtoto anaweza kuitazama saa nzima asipate neno hata moja la lugha yoyote.

Katika vibanda vya video vya Uganda pengo hilo huzibwa na vijei, yule fundi wa maneno anayezungumza juu ya picha na kuifafanua kwa mizaha yake mwenyewe. Aghalabu huzungumza Kiluganda. Watoto hutoka kibandani wakirudia misemo ya vijei, hata wale ambao Kiluganda hawakijui. Hapa pana funzo kwetu: mtoto huliiga neno kwa sababu limemchekesha, na maana huifuata baadaye.

Je, Kiswahili kinapoingia katika katuni, kinaingia kwa sura gani? Kwa bahati mbaya, katuni iliyokitangaza Kiswahili kuliko zote ni ya Marekani. Katika The Lion King ya mwaka 1994, simba anaitwa Simba, na nyani mzee anaitwa Rafiki. Ngiri mchekeshaji ni Pumbaa, jina ambalo mtoto anayejua kitenzi kupumbaa atalifurahia mara mbili. Msemo wa hakuna matata nao umeenea dunia nzima. Walimu wetu wa Tanzania huusahihisha haraka kuwa hakuna shida, lakini Abuku ni hatua chache kutoka Kongo, na huko matata ni neno hai, katika Kiswahili cha Kongo na katika Kilingala pia. Mtoto wa Koboko yuko karibu na msemo huo kuliko mwalimu wake.

Tatizo letu ni fisi. Fisi jike wa filamu ile, mwenye mizaha mikali, anaitwa Shenzi. Kwa mtunzi wa Marekani yamkini lilikuwa neno lenye mlio mzuri tu. Kwetu ni tusi ambalo Mzungu wa enzi za ukoloni alimtupia Mwafrika, na ambalo askari alilirithi akamtupia raia. Hebu fikiria bibi aliyeko Abuku anayemsikia mjukuu wake akilitamka huku akicheka. Wako watakaosema kwamba kicheko kinalisafisha neno. Sisi hatukubali. Kinalisafisha kwa asiyejua lilikotoka tu, na mtoto huyo atalipeleka neno uwanjani kwa mwenzake aliyevaa nguo iliyochanika.

Mfululizo uliofuata, The Lion Guard (2016 hadi 2019), ulijitahidi zaidi, na tunaupa haki yake. Duma anayeitwa Fuli hukimbia akisema “Huwezi!”, na hivyo ndivyo mtoto wa Kiswahili anavyomtania anayemfukuza. Kiboko anaitwa Beshte, neno la vijana wa Kenya, na husema “Poa!” bila kukosea. Lakini korongo Ono akishtuka hupiga ukelele wa “Hapana!”, na hapo unajua kwamba mtu amefungua kamusi. Mswahili akishtuka hasemi hapana. Atasema mama yangu, au Mungu wangu, au ataguna tu. Kisha Beshte huwahimiza wenzake kwa “Twende kiboko!” Hatujui kama watunzi waliambiwa kwamba kiboko ni pia kile cha mwalimu wa zamu. Kwa mwanafunzi wa shule ya msingi huo ndio mzaha bora wa mfululizo mzima.

Hali ni tofauti katika Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014. Humo Kiswahili hakijanyunyizwa kama chumvi. Ndicho chakula chenyewe. Tazama hata majina: Kibena, Koba, Amani, Baraka, Kiduchu. Anayetabasamu kwa jina la Kiduchu ni yule anayejua kwamba kiduchu ni kidogo sana, na kwamba ki- inaweza kudunisha na inaweza pia kubembeleza. Kicheko hicho hakipatikani bila sarufi, ingawa mtoto haiiti sarufi. Tena watoto wa katuni hii wanaulizana, wanabishana na wanakosea kwa Kiswahili, mambo ambayo Kiswahili cha kambini hakikuruhusu.

Hatusemi kwamba haina kasoro. Mara nyingi mzaha hukatizwa ghafla ili somo la hisabati lipite, na mtoto mwepesi huisikia sauti ya mwalimu nyuma ya pazia. Sungura wa hadithi zetu hakuwahi kusimama kueleza sehemu. Hata hivyo somo linaingia. Watafiti waliowapima watoto zaidi ya 500 mkoani Morogoro na kuchapisha matokeo mwaka 2018 waliona kwamba waliotazama katuni dada, Akili and Me, walipiga hatua katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo, na kuchora, kuwashinda wenzao waliotazama katuni nyingine. Wale walikuwa watoto wa nchi ambako Kiswahili kinasikika kila mahali. Kwa mtoto wa Abuku kasi ya maneno ya Dar es Salaam inaweza kuwa kikwazo, na mwalimu atalazimika kusimamisha picha.

Kwa walimu wenzetu wa Arua na Koboko, pendekezo letu ni kuanza na dakika tano tu za Tom and Jerry, sauti ikiwa imezimwa, na watoto wawe vijei. Wapeni vitenzi vichache: anakimbia, anaanguka, ameumia, mkamate, huwezi. Kila mmoja amsemee paka au panya kwa zamu. Ubongo Kids ije wiki zinazofuata, masikio yakiwa yamezoea. Na akitokea wa kusema shenzi, kwa kuwa hakosi kutokea, msimpige. Mwulizeni amelisikia wapi, kisha mwambieni akamwulize bibi yake maana yake.