Riziki na Ajali: Uhakiki wa Jina Moja la Kanga

Jina la kanga lisemalo "Riziki kama ajali, huitambui ijapo" ni rahisi kufasiriwa kuwa wito wa kukubali majaaliwa: kitakachokuja kitakuja, mja hana la kufanya. Fasiri hiyo ina mashiko, lakini inapuuza muundo wa sentensi yenyewe. Muundo huo ukichunguzwa, unadhihirisha namna ya kumtegemea Mungu iliyo ngumu kuliko kungoja.

Kwanza ni suala la njeo. Kitenzi "ijapo" kina kirejeshi -po mwishoni na hakina kiambishi cha njeo. Si "ilipokuja" wala "itakapokuja". Msemaji haahidi wakati. Pili ni upatanisho wa kisarufi. "Riziki" na "ajali" zote zimo katika ngeli ya I-ZI. Kwa hiyo -i- ya mtendwa katika "huitambui" na i- ya mtenda katika "ijapo" zaweza kurejelea nomino yoyote kati ya hizo mbili. Sarufi haibainishi ni ipi itakayobisha hodi. Tatu ni uteuzi wa "tambua" badala ya "jua". Asiyejua hana habari. Asiyetambua huenda kitu kiko mbele ya macho yake. Sentensi hii, basi, haimbembelezi msomaji alale, bali inamtaka awe macho.

Historia ya maneno haya inaongeza uzito. Yote mawili yana asili ya Kiarabu. "Ajali" ilitokana na neno lenye maana ya muda uliowekwa, hususan kikomo cha uhai, kabla ya kuenea kwa maana ya tukio la ghafla lenye madhara. "Riziki" nayo humdokeza Mwenye kuruzuku. Ndiyo sababu jina hili linamkumbusha msomaji Mungu bila kumtaja. Wala dokezo hilo si la Waislamu peke yao: katika Sala ya Bwana, Waprotestanti huomba riziki pale ambapo Wakatoliki huomba mkate.

Jina hili likisomwa Majengo, mjini Mpanda, utata wa kiambishi -i- hauwi tena mchezo wa wanaisimu. Reli kutoka Kaliua ilifikishwa Mpanda kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki. Mwaka 2012 ukaundwa mkoa mpya wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa, na Mpanda ikawa makao yake makuu. Katika mji wa namna hiyo, kila badiliko hufika kabla halijajulikana kama ni riziki au ni ajali, na watu hulazimika kuishi nalo kabla ya kulitambua.

Hata hivyo, jina hili lina upungufu ambao mhakiki hana budi kuusema. Riziki na ajali zinakuja zenyewe. Katika sentensi hakuna anayezileta wala anayewajibika. Mgodi haujifungi, na mkoa haujimegi. Yakiwekwa chini ya kitenzi "ja", maamuzi ya wanadamu huonekana kama mvua au kiangazi, na tawakali ikageuzwa kichaka cha kujificha wenye mamlaka. Imani iliyomo katika jina hili ni ya kweli, lakini eneo lake ni yale yasiyo na mtenda miongoni mwa watu. Kwa yale yenye mtenda, msomaji wa Majengo anaweza kumtegemea Mungu na bado akauliza ni nani aliyeamua.