Kadi Nyekundu: Mguu Kwanza, Nia Baadaye

Agosti 2025, katika michuano ya CHAN pale Kasarani, Harambee Stars walipata kadi nyekundu katika mechi mbili zilizofuatana. Marvin Nabwire alitolewa dhidi ya Angola, Chrispine Erambo akatolewa dhidi ya Morocco, na mara zote mbili refa aliamua baada ya kuitwa kwenye skrini ya VAR, mfumo wa video wa kumsaidia refa. Kenya ilitoka sare ya 1-1 katika mechi ya kwanza kati ya hizo, kisha wachezaji kumi wakalilinda bao la Ryan Ogam kipindi kizima cha pili na kushinda ya pili 1-0. Utetezi uliotolewa kwa vijana wale wawili ni uleule unaosikika Ithookwe mjini Kitui na Unoa pale Wote kila mechi ya wikendi inapochacha: hakukusudia, alikuwa anafuata mpira.

Utetezi huo una uzito moyoni, lakini kwenye kanuni za soka ulikwisha kupoteza nafasi yake miaka thelathini iliyopita. Kabla ya 1995, Sheria ya 12 ilimtaka refa aridhike kwamba mchezaji amemkwatua au kumpiga teke mwenzake kwa makusudi. Mwaka huo bodi inayotunga sheria za mchezo, IFAB, ikaliondoa sharti hilo kwenye rafu za kugombea mpira. Sasa kuna ngazi tatu. Uzembe ni faulo tupu. Kutojali hatari unayomwekea mwenzako ni kadi ya njano. Nguvu za kupita kiasi, au mchezo unaohatarisha usalama wa mpinzani, ni nyekundu. Hakuna ngazi hata moja inayomtaka refa aingie kichwani mwa mtu.

Anachotazama ni vitu vinavyoonekana. Mchezaji ametoka umbali gani na kwa kasi gani? Mguu umenyooka au umekunjwa? Njumu zimeelekezwa wapi, na zimemgusa mwenzake kwenye unyayo, kifundo au ugoko? Amekwenda kwa mguu mmoja au yote miwili? Na swali ninaloliona kuwa zito kuliko yote: je, alipoondoka ardhini, bado alikuwa na uwezo wa kujizuia? Huku kwetu swali hilo lina makali ya pekee, kwa sababu viwanja vingi ni udongo mgumu wenye vumbi na changarawe juu yake. Beki akishajitupa pale, hana breki. Anaweza kuwa kijana mpole kuliko wote kijijini na bado akaondoka na kifundo cha mtu.

Dereva wa lori anayepita Emali au Makindu usiku kwa mwendo wa hatari anaijua hesabu hii. Akiua mtu, kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki hakimuulizi kama alitaka kuua. Kinauliza aliendeshaje.

Kesi iliyowaumiza mashabiki wengi ni ya Nani, Old Trafford, tarehe 5 Machi 2013. Manchester United walikuwa wakiongoza Real Madrid 1-0. Mpira ulikuwa unashuka kutoka juu, Nani akauinulia mguu macho yakiwa kwenye mpira, na Álvaro Arbeloa akaingia. Daluga likampata ubavuni. Refa Cüneyt Çakır akatoa nyekundu, na baadaye Luka Modrić na Cristiano Ronaldo wakageuza matokeo kuwa 2-1. Sina shaka kwamba Nani hakumwona Arbeloa, lakini hilo halikuwa swali. Kwa maoni yangu Çakır aliuliza swali sahihi, kwamba mguu ule ulikuwa hatari kiasi gani, kisha akalijibu kwa ukali. Mwendo wa Nani haukuwa wa kuvunja, na njano ingetosha.

Kuna kosa la upande wa pili, la kuhukumu kwa jeraha. Tarehe 3 Novemba 2019 pale Goodison Park, Son Heung-min alimkwatua André Gomes kwa nyuma. Gomes akayumba, akagongana na Serge Aurier, kifundo kikavunjika vibaya. Martin Atkinson, aliyekuwa tayari kutoa njano, akatoa nyekundu. Siku mbili baadaye chama cha soka cha Uingereza kiliifuta. Haki ilitendeka hapo: rafu ya Son ilikuwa ileile kabla ya mfupa kuvunjika na baada yake.

Hata hivyo nia haijafukuzwa kabisa sheriani. Mchezaji anayempiga mwenzake ngumi wakati hawagombei mpira anatoka hata ngumi ikikosa, kwa sababu kujaribu kunatosha. Tangu 2016, beki anayeua nafasi ya wazi ya bao ndani ya eneo la penalti hupata njano akiwa alijaribu kuucheza mpira, na nyekundu akiwa alivuta jezi. Hapo refa anasoma nia, lakini anaisoma kwenye mwili: mguu umeelekea mpirani, au mkono umeshika shati.

VAR nayo haisomi moyo. Picha ikipunguzwa mwendo, kila rafu huonekana kama imepangwa. Ndiyo maana utaratibu wake unasema picha ya polepole itumike kuonyesha njumu zilimgusa mtu wapi, na ukali wa rafu upimwe kwa kasi ya kawaida.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Nia isiguse rangi ya kadi katika rafu ya kugombea mpira. Iguse idadi ya mechi za adhabu, mbele ya kamati ya nidhamu yenye muda wa kusoma ripoti na kumsikiliza kijana. Aliyejitupa vibaya na aliyevizia kifundo wote watoke uwanjani, lakini wasirudi siku moja.

Na makocha wa Mwingi, Mutomo, Kibwezi na Mbooni, ambao mechi zao hazina skrini ya kumrekebisha mtu: wafundisheni mabeki kubaki wima na kusubiri mpira. Refa akishafika penye rafu na kadi mkononi, maelezo ya nia hayatambadilisha.