Kamera Ilimkuta Uwanjani

Kila ninaposhindwa jambo, hakosi mtu wa kunitumia kile kipande cha filamu. Mwaka jana, nilipoacha mbio za kilomita 50 katika vilima vya Irangi, Kondoa, kilinifikia mara nne kabla goti halijapoa.

Mnakijua. Ni Oktoba 20, 1968, Mexico City, na giza limeshaingia. Mamo Wolde wa Ethiopia ameshinda zaidi ya saa moja iliyopita. Ndipo anaingia John Stephen Akhwari wa Mbulu, goti limefungwa bendeji, akichechemea hadi mwisho. Walioanza walikuwa 75. Yeye ni wa 57, wa mwisho kumaliza. Baadaye alisema kwamba nchi yake haikumtuma aanze mbio, bali azimalize. Mmarekani Bud Greenspan, mtengeneza filamu, aliieneza hadithi hiyo, nasi tukaipokea kama wosia.

Nimekitazama tena, safari hii kwa jicho la mtu anayesomea uhakiki. Sina neno na Mzee Akhwari. Shida yangu ni pale hadithi inapoanzia. Aliumia kabla ya nusu ya njia, lakini kamera tunayoikumbuka inamkuta uwanjani, kwenye makofi. Zile kilomita zaidi ya 20 alizojikokota hatuna habari nazo. Anayekimbia porini anajua kwamba mbio zenyewe ziko huko. Kilomita ya 31, ndani ya miombo iliyorudi baada ya mifugo kuondolewa Kondoa mwaka 1979, hapakuwa na wa kunipigia makofi. Palikuwa na goti, mchanga wa korongo, na swali: niendelee au niache?

Kipande hiki hakina swali hilo. Kina jibu tu, ndiyo maana ni rahisi kukigeuza fimbo ya kuwachapia wenzetu.

Tena kinamficha mkimbiaji mwenyewe. Mwaka 1970, Edinburgh, Akhwari alikuwa wa tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola, kwa saa 2 na dakika 15. Nani amewahi kukutumia hiyo? Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma hii hii, alishinda New York mwaka 1989. Mwaka mmoja kabla, alikosa ushindi wa Boston kwa sekunde moja. Sekunde moja! Hata yeye hatumtumiani. Tumezoea kumpenda Mtanzania anayevumilia maumivu kuliko anayekimbia vizuri, na mazoea hayo hayaishii viwanjani.

Nakiri, Akhwari akikaribia mstari bado koo hunikaba. Lakini siku ile ya Kondoa, aliyenisaidia ni mama. Alipiga simu, akauliza: "Umekunywa maji, mwanangu?" Hakuuliza kama nimemaliza.

Nitarudi Kondoa. Nataka tu kuijua kilomita ya 32.