Mabawabu wa Mlango wa Mfalme

Katika nchi ya China, mwaka mpya ukaribiapo, watu wengi hubandika milangoni picha za majemadari wawili waliovaa deraya na kushika silaha. Hao ni Qin Shubao na Yuchi Gong, mabawabu wanaoaminiwa kuwa hufukuza mashetani. Zamani walikuwa askari wa Mfalme Taizong, aliyetawala toka 626 hata 649. Baada ya kufa kwao wakaja kuhesabiwa miongoni mwa miungu. Kisa cha picha zao kimo katika Safari ya Magharibi, kitabu cha sura 100 kilichopigwa chapa mwaka 1592, nacho husemwa kuwa ni kazi ya Wu Cheng'en.

Kisa chenyewe ni hiki. Mfalme aliahidi kuliokoa joka lililohukumiwa kufa kwa kubadili saa na kipimo cha mvua. Waziri Wei Zheng ndiye aliyeamriwa na mbingu kuliua. Basi mfalme akamweka karibu naye wakicheza weiqi. Waziri akasinzia, na katika ndoto akalikata joka kichwa. Tangu hapo mzimu wake ukamjia mfalme usiku kudai uhai. Majemadari wawili waliposimama mlangoni, palitulia. Mfalme akawahurumia kwa kukesha kwao, akaamuru wachorwe, na picha zikashika zamu yao.

Msomaji akomaye hapo atadhani kuwa mwandishi asifu nguvu za picha tu. Lakini endelea kusoma. Kishindo chahamia mlango wa nyuma, na Wei Zheng hana budi kuulinda kwa upanga. Mlango huo nao watulia, ila mfalme hapati nafuu. Afa, ashuka kuzimu, na huko nduguze wawili, Jiancheng na Yuanji, wamkamata wakidai uhai wao.

Ili kuonja uchungu wa mkutano huo, yafaa kujua tarikh. Mwaka 626, kabla hajatawala, Taizong aliwavizia ndugu hao penye Lango la Xuanwu. Kaka yake alimwua mwenyewe kwa mshale. Yuanji aliuawa na Yuchi Gong. Basi bawabu amlindaye mfalme na mizimu ni mtu yule yule aliyemsaidia kumwaga damu langoni. Angewezaje kumkinga na deni walilolifanya pamoja?

Sehemu hii ina upungufu wake. Nduguze wafukuzwa upesi na shetani mmoja, na karani wa kuzimu amwongezea mfalme miaka 20 kwa kutia mistari miwili katika daftari. Haki yaelekea kumpendelea mwenye taji. Hata hivyo, arudipo duniani mfalme afanya ibada kubwa kwa ajili ya wafu wasio na wa kuwakumbuka, na hilo halikuamriwa na bawabu yeyote.

Kwa hiyo, msomaji, usikidharau kisa hiki kwa kuwa chasimulia mizimu. Chatuonyesha kuwa mlinzi wa mlangoni humzuia adui aliye nje, bali ahadi iliyovunjwa na damu iliyomwagwa hulala chumbani pamoja na mwenye nyumba.