Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Huenda msomaji wangu akashangaa kumwona mwalimu mkuu mstaafu, mzee aliyekwisha kuvuka miaka sabini na mitano, akithubutu kuhakiki mchezo wa Wamarekani ambao hakuucheza hata siku moja. Nami nilishangaa. Chuo cha ualimu kilitufundisha kuhakiki tamthiliya na mashairi, hakikutufundisha kuhakiki watu wanaorusha mpira. Hata hivyo, nilitoka chuoni na swali moja ambalo limenifaa maisha yangu yote: kazi hii imefanywaje, na kwa gharama ya nani? Swali hilo linaufaa uwanja wa mpira kama linavyoufaa ukumbi wa maonyesho.

Mwaka 2010, muda mfupi baada ya kustaafu, nilikwenda kumwona binti yangu huko Queens, New York. Nilikaa karibu miezi sita. Mkwe wangu alikuwa mpenzi wa timu ya Mets, na kila jioni runinga ya nyumba ile ilikuwa ya besiboli. Mwanzoni nilisinzia. Halafu mjukuu wangu akaanza kunifundisha sheria, akinisahihisha kwa ukali ule ambao mimi niliwahi kuwasahihishia wengine. Ilipofika Juni, nilikuwa na daftari langu.

Kwa wasioujua mchezo huo, nitaeleza machache tu. Timu mbili hupokezana kupiga mpira kwa zamu tisa. Mrushaji husimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo na kumrushia mpigaji mpira kutoka umbali wa meta 18 na ushei, mara nyingi kwa mwendo unaozidi kilometa 140 kwa saa. Mkono wa binadamu haukuumbwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mrushaji anayeanza mchezo hupumzika siku nne hivi kabla ya kuanza mwingine, na akichoka katikati ya mchezo huitwa mrushaji wa akiba kutoka kando ya uwanja, mahali wanapojipasha misuli moto. Wenyewe hupaita bulpeni, yaani zizi la mafahali.

Msimu una michezo 162, nayo huchezwa katika siku zipatazo 180. Wale wa zizini hawana ratiba. Mrushaji wa kwanza anajua kwamba atafanya kazi Jumatano. Wa zizini hajui chochote. Huenda aitwe leo, kesho na kesho kutwa, na huenda akae siku nne bila kuitwa. Meneja ndiye ratiba yao. Kazi ninayoihakiki ni hiyo yake: kugawa mzigo wa watu saba au wanane kwa miezi sita, bila kumvunja hata mmoja.

Mwaka ule Mets walikuwa na mrushaji wa mkono wa kushoto aitwaye Pedro Feliciano, mzaliwa wa Puerto Rico. Hakuwa nyota, na picha yake haikubandikwa mabarabarani. Kazi yake ilikuwa kuingia mchezo unapokuwa mgumu, kumkabili mpigaji mmoja au wawili wa mkono wa kushoto, kisha kutoka. Mwaka 2008 aliingia katika michezo 86. Mwaka 2009 aliingia katika 88. Mwaka 2010, mbele ya macho yangu, aliingia katika 92. Miaka yote mitatu aliongoza ligi kwa idadi ya michezo.

Ukisoma hesabu hizo kwa haraka utasema hapana neno, kwani katika michezo hiyo 92 alirusha zamu zisizofika 63 kwa jumla. Ni kazi ya dakika chache kila jioni, na kuna wakulima wanaofanya makubwa zaidi kabla ya chai. Nami nilifikiri hivyo, mpaka jioni moja mkwe wangu aliponipeleka uwanjani na nikakaa mahali ninapoliona zizi.

Katika zamu ya sita mrushaji mmoja aliinuka, akavua koti, akaanza kurusha. Akarusha mipira ishirini, pengine thelathini, akiongeza nguvu kidogo kidogo. Hatari ikapita uwanjani, naye akakaa. Zamu ya saba akainuka tena, akarusha tena, akakaa tena. Mchezo ukaisha hajaitwa. Kesho yake nilifungua gazeti kwenye ukurasa wa hesabu za mchezo nikatafuta jina lake, nisilione. Kwa mujibu wa hesabu zile, mtu yule alikuwa amepumzika.

Hapo ndipo ulipo uhakiki wangu wa kwanza. Besiboli ni mchezo unaojisifu kwa kumbukumbu; Wamarekani wanaweza kukuambia nani alipiga nini tangu enzi za babu zao. Lakini kumbukumbu hizo huhesabu kazi inayoonekana na watazamaji. Kujiandaa, kusimama tayari, kuitwa nusu na kurudishwa, havina safu yake katika ukurasa ule. Meneja anayegawa kazi kwa kutazama ukurasa ule peke yake anasoma daftari lenye nusu ya mahudhurio. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwepesi mno, maadamu hujaubeba wewe.

Msimu ulipokwisha nilirudi nyumbani. Feliciano akahamia kwa majirani na mahasimu wa Mets, yaani Yankees, kwa mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 8. Hakuwarushia mpira hata mmoja katika mchezo wa ligi. Bega lilikuwa limeharibika, na mwaka 2011 akapasuliwa. Msimu ulipokuwa ndio kwanza umeanza mwaka huo, meneja mkuu wa Yankees, Brian Cashman, alilalamika hadharani kwamba mtu huyu alitumiwa kupita kiasi alikotoka. Kocha wa warushaji wa Mets, Dan Warthen, akajibu kwamba Feliciano mwenyewe alijitolea: aliulizwa kila siku kama anaweza kurusha, na kila siku alijibu ndiyo.

Mkwe wangu alinisimulia jibu hilo kwenye simu huku akicheka. Mimi sikucheka. Nilimwaga nikakaa kitako, kwa sababu maneno yale niliyajua. Niliwahi kuyasema mimi.

Nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, katika miaka ile ya watoto wengi na walimu wachache, tulifundisha kwa mikupuo miwili, asubuhi na mchana. Siku haikupita bila pengo. Huyu anaumwa, yule amekwenda wilayani kufuata mshahara, mwingine amefiwa. Nilikuwa na mwalimu mmoja wa kike, hodari, ambaye hakujua kukataa. Nilikuwa nikisimama mlangoni mwa darasa lake na kusema, "Mwalimu, darasa la nne halina mtu." Naye hujibu, "Sawa, Mwalimu Mkuu." Basi nikajenga tabia. Walimu waliokunja uso niliwapita. Nilikwenda kwa aliyeitika.

Daftari langu la vipindi lilionyesha kwamba vipindi vyake vilizidi vya wenzake kidogo tu. Lakini daftari lile halikuandika siku nilizomwambia usiku ajiandae kwa somo la mtu mwingine, akaandaa kwa mwanga wa kibatari, na asubuhi mwenye somo akatokea. Halikuandika madaftari ya watoto tisini aliyosahihisha kwa ajili ya darasa lisilo lake. Ilikuwa kama yule mrushaji wa jioni ile: amerusha na kurusha, na kwa hesabu yangu amepumzika.

Mkono wa mwalimu ni sauti yake. Sauti ya mwalimu yule ilianza kukwaruza mwezi wa Agosti. Alikunywa maji ya moto na asali, akaendelea. Nilimwuliza kama anaweza, akasema anaweza. Mwaka uliofuata sauti ilikatika kabisa. Tabibu alimwamuru anyamaze kwa majuma kadhaa, na ilipomrudia haikuwa sauti ya kushika darasa tena. Alipewa kazi ya ofisini. Siku ya kumuaga nilisimama mbele ya walimu wote nikamsifu kwa kusema kwamba katika miaka yote sikuwahi kumsikia akisema hapana. Watu walipiga makofi. Yeye aliinamisha kichwa, nami nikadhani ni haya.

Kwa hiyo simwandami kocha Warthen. Naamini alisema kweli. Simwandami pia meneja wa Mets wa wakati huo, Jerry Manuel. Timu yake ilishinda michezo 79 ikapoteza 83, na msimu ulipokwisha hakuendelea na kazi. Mtu ambaye kibarua chake kinaota nyasi humkimbilia yule anayemwamini. Ninachokihakiki ni lile swali lenyewe, "Unaweza leo?" Linaonekana la heshima, kumbe linamhamishia mtumishi jukumu la mkubwa. Feliciano aliwahi kuhangaika mpaka Japani kutafuta riziki kabla ya kupata mahali pake Mets. Mtu wa namna hiyo, ukimwuliza kama anaweza, atakujibu nini? Ndiyo yake ilisema kwamba anaihitaji kazi. Hali ya bega lake ilibaki bila kuulizwa.

Mjuzi wa mchezo atanipinga kwa jina moja: Mike Marshall. Mwaka 1974, akiwa na Dodgers wa Los Angeles, Marshall aliingia katika michezo 106 na kurusha zamu 208 na theluthi moja, yote akitokea zizini. Rekodi hiyo ya michezo haijavunjwa. Hakuvunjika mkono, alipewa tuzo ya mrushaji bora, wa kwanza miongoni mwa watu wa zizini kuipata. Mwaka uliofuata aliumia mbavu, lakini mwaka 1979, akiwa na Minnesota, aliingia katika michezo 90. Hoja hii ni nzito na sitaikwepa. Lakini Marshall alikuwa msomi wa utendaji wa mwili, na mwaka 1978 alipata shahada ya udaktari katika taaluma hiyo. Aliujua mkono wake kuliko kocha yeyote, na alikuwa mbishi wa kutosha kusimamia anachokijua. Ndiyo ya mtu huyo ilikuwa na elimu nyuma yake.

Tena, kwenye timu hiyo hiyo, mwaka huo huo, mrushaji mwenzake Tommy John alikatika kano la kiwiko mwezi wa Julai. Mnamo Septemba daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wa kulia akalipandikiza kwenye kiwiko cha kushoto, upasuaji ambao haukuwa umefanyiwa mrushaji yeyote kabla yake na ambao mpaka leo huitwa kwa jina la mgonjwa. Watu wawili, chumba kimoja cha kubadilishia nguo: mmoja anavunja rekodi, mwingine anavunjika. Anayetaka idadi moja ya michezo iwafae watu wote na atazame chumba hicho.

Siku hizi mambo yamebadilika. Timu huhesabu hata mipira ya kule zizini, na ni nadra kumwona mtu akirusha siku tatu mfululizo. Tangu 2020 sheria inamtaka mrushaji akabili wapigaji watatu au amalize zamu, kwa hiyo ile kazi ya Feliciano ya mpigaji mmoja imekaribia kwisha. Hayo nayasifu. Lakini pamezuka dawa nyingine. Mrushaji kijana akichoka hurudishwa timu ya daraja la chini, akaletwa mwingine mwenye mkono mbichi, kisha huyo naye akarudishwa. Ilibidi tangu 2022 iwekwe sheria kwamba mchezaji asishushwe hivyo zaidi ya mara tano katika msimu mmoja. Mkono umehurumiwa, mwenye mkono amekuwa kama chaki: ikiisha, unachukua nyingine kwenye boksi. Kuugawa mzigo ni jambo jema, lakini mgawaji bado anapaswa kumjua anayeubeba.

Feliciano alirudi Mets mwaka 2013, akarusha katika michezo 25, kisha basi. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 45. Kifo chake sikifungi na hoja yangu. Namtaja kwa heshima ya mtu aliyeitika.

Yule mwalimu yu hai. Mwaka juzi nilimtembelea, nikamwambia kwamba siku ile ya kumuaga nilimsifu vibaya, na kwamba kazi ya kusema hapana ilikuwa yangu mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia, kwa sauti yake ile ya mkwaruzo, "Nilingoja uniulize nimelala saa ngapi, Mwalimu Mkuu. Hukuuliza."

Nimeandika swali hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la besiboli. Kila msimu unapoanza, na mjukuu wangu akinipigia simu kuniambia nani ameingia na nani ametoka, namuuliza kwanza nani aliinuka zizini na hakuitwa.